Chupa Iliyoandikwa Jina la Amir

Ninyi mnaofanya kazi maabara siku hizi mna mashine inayolia mfuko wa damu ukiwekwa rafu isiyo yake. Sisi tulikuwa na kelele moja tu, sauti ya Mzee Onyango. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha damu pale hospitalini Nakuru nilipofika mimi, msichana wa Maragoli mwenye sanduku la bati na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka. Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akaniuliza, "Unajua kuandika?"

Nikasema nimesoma kazi hii miaka mitatu.

"Sijauliza kama umesoma. Nimeuliza kama unajua kuandika."

Nilicheka nikidhani ni utani. Miezi miwili iliyofuata sikugusa damu ya mtu. Niliosha vioo vya darubini na kuandika lebo, na lebo zangu alizichana mbele ya macho yangu. "Wanjiru. Wanjiru gani? Kutoka hapa mpaka Njoro wako mia tano, na wote wanaumwa leo." Nikaandika majina mawili, akataka matatu. Nikaandika matatu, akataka wodi na tarehe. Nilimchukia kabisa, na baadaye nikampenda kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye.

Kanuni zake zilikuwa nyingi lakini moja aliisema kila asubuhi akivaa koti lake: usiandike jina kabla hujaona mkono. Alimaanisha mkono wa mtoaji damu, shati limekunjwa, umelazwa mezani mbele yako. Kwanza unauona mkono, unamuuliza mwenyewe jina, halafu ndipo kalamu inaguswa. Niliona ni ukali wa mzee asiye na shughuli nyingine. Kalamu ni kalamu, nilisema moyoni, itanidhuru nini?

Nataka kuwaambia kuhusu siku nilipoandika jina kabla ya kuona mkono. Nimestaafu zamani, na waliokuwa na uwezo wa kuniadhibu wote wamekwisha kuzikwa, kwa hiyo nitasema yote.

Kwanza mjue kazi ilikuwaje. Damu tuliitia kwenye chupa za kioo zenye kizibo cha mpira. Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake tulichokigeuza kuelekea dirishani, na wingu likitanda juu ya mlima Menengai, kazi inasimama. Mgonjwa anasubiri damu, na sisi tunasubiri jua. Nilijifunza kupima kundi la damu kwenye kigae cheupe, tone kwa tone, nikikizungusha kwa mkono taratibu mpaka damu ishikane au ikatae kushikana. Mpaka leo nikishika sahani nyeupe nyumbani naizungusha bila kujua.

Watoaji walikuwa wafungwa, wanafunzi wa sekondari, na ndugu za wagonjwa. Hao wa mwisho ndio waliotuendesha. Ukilazwa, ukoo wako unakuja kupanga foleni, na yule asiyekuja atasemwa mpaka kwenye harusi yake. Nilimwona polisi mrefu kama mlango akizimia kwa kuona sindano tu, kofia ikabingirika mpaka kwenye ndoo. Siku hiyo hiyo bibi mmoja wa Ndabibi, mkulima wa viazi, alitoa damu yake, akanywa chai yake ya sukari, akauliza, "Ni hiyo tu? Na mimi nimeacha mbuzi bila kuchungwa."

Lakini jioni ikifika, kila mtu alikuwa na pa kwenda. Wanaume wa maabara walikwenda kwenye bia yao, mahali ambapo msichana wa kanisa hangewafuata. Wauguzi wengi walikuwa na waume. Mimi nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Bondeni, kitanda, jiko la makaa na dirisha linalotazama kamba ya nguo ya jirani. Mzee Onyango alipostaafu akarudi kwao, nilibaki mkuu wa chumba cha damu, na kuna siku nilifika nyumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimesema tu "kunja ngumi" na "achia." Upweke wa namna hiyo hauna kelele. Nilikuwa nao miaka kabla sijaupa jina.

Kilichoniokoa ni kifungo. Koti langu jeupe lilidondosha kifungo, nikakishona mwenyewe kwa uzi nilioupata, na Jumamosi moja, cha pili kilipodondoka, nikaingia duka la vifungo na nyuzi pale Bondeni kutafuta kingine. Aliyekuwa kaunta ni msichana Mhindi wa rika langu, Nasim, binti wa mwenye duka. Alivuta koti langu kama vile ni lake.

"Ni nani alishona hii?"

"Mimi."

"Na uzi ya gunia?" Akacheka mpaka akashika kaunta. "Wewe unatoboa watu sindano kila siku na kushona kifungo imekushinda! Toa hiyo koti. Kaa."

Alisukuma kwa mguu kigoda kilichokuwa chini ya kaunta. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, ukikaa vibaya kinakumwaga, na ilibidi uegemee kushoto. Nilikaa. Nikakaa tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, karibu miaka minne. Alikuwa akishona nguo nyuma ya duka, na mimi nilimsomea barua za wateja zilizoandikwa kwa mwandiko mbaya. Mama yake, mjane tuliyemwita Mama Amir kwa jina la mwanawe wa kwanza, alituletea chai ya tangawizi na chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga za kukaanga, na kunigombeza kwamba nimekonda. Amir mwenyewe aliendesha lori la bidhaa kwenda Eldoret na kurudi. Ukoo wao ulikuwa watu hao watatu tu, na mimi kwenye kigoda.

Kazi yetu ina ubaya huu: huwezi kumtazama mtu kama mtu tu. Siku moja Nasim alikuwa anatafuta uzi kwenye mwanga wa mlango, nikaona ndani ya kope zake. Zilikuwa nyeupe. Nikatazama miguu yake, viatu vilikuwa vimeacha alama kwenye nyama iliyovimba. Nilimwambia Jumatatu aje hospitali. Akasema Jumatatu ana gauni la bibi harusi. Nikamwambia bibi harusi atavaa gunia, mradi yeye aje.

Figo zake zilikuwa zinakufa. Figo ikifa, mwili pia unasahau kutengeneza damu ya kutosha, na wakati ule dawa ya kuurudishia kumbukumbu hiyo haikuwapo. Tulimwongezea damu tu. Damu ilipungua, tukaongeza, ikapungua tena. Hapo ndipo nilipoingia mimi na fahari yangu. Chupa za wafungwa na wanafunzi zilikuwapo, lakini Amir alikuwa na kundi B kama dada yake, na kila miezi yake ya kupumzika kabla ya kutoa tena ilipotimia nilimwita. Chupa yake niliiweka rafu ya juu, upande wa kushoto, na sikuruhusu mtu aiguse. Damu ya ndugu yake mwenyewe, nilijisemea, itamfaa kuliko ya mgeni. Nani angenilaumu? Hata Mzee Onyango angefanya hivyo hivyo.

Alhamisi moja wakati wa mvua, Nasim alilazwa akihema kama aliyepanda mlima. Miezi ya Amir ilikuwa imetimia, naye alikuwa ameahidi kufika saa nne asubuhi akitoka Eldoret. Kundi B halikuwapo kwenye jokofu, hata chupa moja. Nilitaka asipoteze dakika. Kwa hiyo saa tatu na nusu nilikuwa nimekwisha kuandika lebo: jina la Amir, kundi, tarehe, wodi. Nikaandika na mstari wake kwenye kitabu cha damu, kile kikubwa chenye jalada gumu, kwa wino. Kalamu ikalala, mimi nikasubiri mkono.

Saa nne, simu. Amir alikuwa amekwama Salgaa, barabara imekuwa tope, malori yamefungana.

"Rhoda, gari haitoki mpaka kesho, bana! Nasim iko namna gani?"

Sikumwambia. Niliweka simu chini, nikageuka, na Mama Amir alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Chukua yangu," akasema.

Mama Amir alikuwa mdogo wa mwili, umri wake umepita kanuni yetu, na uzito wake haukuwahi kuikaribia. Nilimwambia haiwezekani. Alipanda kwenye mizani akiwa amekumbatia mkoba wake, ule wenye mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa na funguo za duka zima.

"Sasa soma."

"Mama, weka mkoba chini."

"Mkoba iko kwa mkono yangu kila siku. Hii ni mimi. Soma!"

Ningecheka kama si sauti ya Nasim akihema upande wa pili wa ukuta. Nilimpima, akawa kundi B. Nikalinganisha damu yake na ya binti yake, tone kwa tone, kwa makini kuliko siku yoyote maishani mwangu, na zikakubaliana. Nilimlaza, nikachukua robo tatu ya chupa tu. Alitazama juu wakati wote bila kupepesa. Alipoinuka alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu sijui aliitoa wapi.

"Amir asijue. Atapiga kelele. Atasema mimi nataka kufa."

"Hatajua, Mama."

Lebo ilikuwa mezani tayari. Ningeichana, ningekata mstari kwenye kitabu, na mganga mkuu angeuliza mbona mstari umekatwa, na huyu mama mwepesi alitoka wapi. Lebo ilikuwa safi, mwandiko mzuri, majina matatu kama nilivyofundishwa. Nikaibandika. Damu ilikuwa ya mama, chupa ikasema ni ya Amir. Nilikaa kando ya kitanda mpaka tone la mwisho likaingia, na saa kumi Nasim alikuwa amekaa ananitania kuhusu viatu vyangu. Nilirudi nyumbani nikiimba. Sijivunii kusema hivyo, lakini ni kweli, niliimba.

Mwaka uliofuata walimpeleka Uingereza. Amir angempa figo yake moja. Siku ya kuondoka Nasim alinishonea vifungo vyote sita vya koti upya, akaniambia vitadumu mpaka arudi. Mama alifunga duka akaenda nao.

Walipokuwa kule, Jumamosi zangu zilirudi kuwa ndefu. Nilipita mbele ya duka lililofungwa, nikajifanya nina safari ya kwenda mahali fulani.

Halafu ikaja barua kwa mganga mkuu. Alinipa niisome kwa sababu ilihusu kitabu changu. Daktari wa huko aliandika kwamba kabla ya upasuaji walikuwa wamechanganya maji ya damu ya Nasim na chembe nyeupe za Amir, kama ilivyokuwa desturi yao, kuona kama mwili wake una silaha dhidi ya ndugu yake. Hazikuonekana. Wakaiunganisha figo. Siku ya kwanza ilitoa mkojo. Siku ya tatu ilikuwa nyeusi, wakaitoa. Walipoikata na kuitazama, waliona vita vilipiganwa ndani ya mishipa ya damu yenyewe.

Niwaeleze kama nilivyojieleza mimi siku ile, kwa lugha ya Nasim. Mshipa wa damu una bitana, kitambaa cha ndani kama cha koti. Ni safu moja ya chembe, nyembamba, na damu inapita ikiigusa hiyo kila sekunde. Kila chembe mwilini ina alama za mwenyewe. Lakini daktari yule alishuku kwamba bitana ina alama nyingine zake, ambazo zile chembe nyeupe walizozipima hazina. Walikuwa wamekagua kitambaa cha nje, na ugomvi ulikuwa kwenye bitana. Na mbaya zaidi, aliandika, ziko chembe chache ndani ya damu ambazo huenda zina alama hizo hizo. Mtu akiongezewa damu ya nduguye, mwili wake unaweza kuzijua alama za nduguye mapema, ukatengeneza kingamwili, ukakaa tayari. Halafu figo inaletwa, na ndani yake mna bitana ile ile.

Nilikumbuka rafu ya juu, upande wa kushoto.

Lakini barua haikuishia hapo. Mama sasa anataka kutoa figo yake, daktari aliandika. Ameulizwa kama amewahi kumpa binti yake damu, akasema hajawahi. Kipimo cha chembe nyeupe ni safi, lakini hata cha Amir kilikuwa safi. Kwa kuwa hawana kipimo cha kuaminika cha kuona bitana, wanaomba orodha kamili ya damu yote aliyopewa Nasim na majina ya waliotoa. Mganga mkuu akasema, "Nakili kitabu. Nataka kujibu leo."

Nilikifungua kitabu mbele ya dirisha. Amir. Mfungwa. Amir. Mwanafunzi. Amir. Mwanafunzi. Amir. Nikanakili yote kwa mwandiko mzuri, nikafika kwenye mstari ule wa Alhamisi ya mvua, nikaweka kalamu chini.

Nilijua kwa nini Mama Amir alisema hajawahi. Alikuwa na figo mbili na binti mmoja. Alikuwa ameniambia Amir asijue, na sasa ahadi ile ile ilikuwa ndiyo tiketi yake ya kuingia chumba cha upasuaji. Nikinyamaza, atampa binti yake figo, na pengine itakubali. Au itakuwa nyeusi siku ya tatu, na mama mwembamba vile atabaki na figo moja na jeneza. Nikisema, nimemnyang'anya mama nafasi yake, na nimemnyang'anya Nasim figo iliyobaki kwenye ukoo wao. Na kulikuwa na jambo la tatu, dogo na la aibu, nalo lilinikalia kichwani kuliko yote mawili: nikisema, kila mtu atajua kwamba niliandika uongo.

Sikuwa na wa kumuuliza. Mzee Onyango alikuwa mbali na hakuwa na simu. Kwa kawaida mtu wa kumwambia mambo mazito alikuwa Nasim. Nilikaa pale mpaka jua likatoka kwenye kioo cha darubini. Kisha nikainuka, nikabeba kitabu chenyewe, si ile nakala, nikaenda kwa mganga mkuu nikakiweka mezani kwake wazi.

"Mstari huu si kweli," nikasema. "Damu hii ilikuwa ya mama."

Alivua miwani. "Rudia."

Nikarudia, pamoja na mizani na mkoba.

"Unajua umefanya nini?"

"Najua, daktari."

"Hujui," akasema, lakini kwa sauti ya chini, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu kuomba posta wapeleke telegramu Uingereza.

Nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa benchi la kupima choo na mkojo mwaka mzima. Vijana, kama hamjawahi kupima choo cha kambi ya jeshi wakati wa kipindupindu, msiniambie mmechoka na kazi. Wenzangu walinitania na nikawatania pia, nikawaambia angalau wateja wangu wapya hawazimii. Kumbe nilikuwa nalia chooni, mahali ambapo tayari nilikuwa na sababu ya kuwapo.

Madaktari wa kule waliikataa figo ya mama. Waliamua kungoja figo ya mgeni atakayekufa, na Nasim aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliniandikia mara moja. Bado ninayo barua. "Rhoda, Mama analia kila siku anasema ulimsema. Nimemwambia Rhoda hajui kudanganya, alijaribu siku moja tu na ikamshinda kama kushona. Sijui kama nimekukasirikia. Kuna siku nimekasirika na kuna siku sina. Hapa baridi inaingia kwa mifupa. Vifungo viko?"

Nilijibu kwamba viko vyote sita. Barua yangu sijui kama ilimkuta. Hakuna figo iliyopatikana ya kumfaa, na miezi saba baadaye alifariki.

Amir na mama yake walirudi, duka likafunguliwa. Amir alinisalimia kwa mbali, kwa kichwa. Mama hakunisalimia. Nilikwenda kutoa pole siku ya tatu, akainuka akaingia nyuma ya duka, na Amir akasema kwa upole, "Rhoda, wewe nenda tu." Tangu hapo nilipita upande wa pili wa barabara. Watu waliniambia nilifanya vyema. Wengine, wachache, waliniambia ningenyamaza. Wote walikwenda nyumbani kula chakula chao cha jioni.

Na kama mnadhani sayansi ilikuja baadaye kunipa haki, subirini. Miaka ilipita, nikasoma kwenye jarida kwamba kuna madaktari waliokuwa wanawapa wagonjwa damu ya ndugu makusudi kabla ya kuwapandikiza figo, na kwamba baadhi ya figo hizo zilidumu vizuri zaidi. Baadhi, na si zote. Wengine miili yao iliamka na silaha. Kwa hiyo sijui. Sijui kama chupa za Amir ndizo ziliiua figo ya Amir. Sijui kama figo ya mama ingekubali. Nilifunga jarida lile nikakaa nalo mapajani, na hakukuwa na mtu chumbani wa kumwambia. Nawaambia ninyi.

Baada ya miaka miwili nilipata uhamisho kwenda Naivasha. Wiki ya mwisho, kifungo cha juu cha koti langu kilidondoka. Kilikuwa kimedumu kuliko alivyoniahidi. Ningeweza kukishona mwenyewe, kwa uzi wa gunia. Badala yake nilivuka barabara.

Mama Amir alikuwa peke yake kaunta. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, aligeuza kichwa kufuata sauti ya viatu.

"Nani?"

"Rhoda, Mama."

Nikaanza kugeuka.

"Wewe nataka nini?"

"Kifungo. Cheupe, cha mashimo manne."

Alivuta trei bila kupapasa. Vidole vyake viliingia kwenye vifungo vikabaki humo.

"Ile siku ya mvua," akasema. "Ile damu yangu. Iliingia kwa Nasim kweli? Hapana mwagika?"

"Iliingia yote, Mama. Nilikaa hapo mpaka tone ya mwisho."

"Ilikaa ndani yake? Mpaka kule?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo na angelala nalo vizuri. Lakini nilikwisha kumwandikia uongo mmoja, na nilijua ulikotupeleka.

"Haikukaa, Mama. Damu ya mtu inaishi miezi kama minne, halafu inakwisha. Kule alifika bila hiyo."

Vidole vikaacha kusogea. Nikaendelea haraka kabla sijaogopa.

"Lakini mwili haisahau. Ikishaonyeshwa damu ya mtu, inamjua. Hiyo ndiyo madaktari waliogopa, ndiyo sababu walikataa figo yako. Damu yako ilikwisha, Mama, lakini wao waliamini kwamba mwili ya Nasim ilikuwa bado inakukumbuka. Mpaka mwisho."

Alichagua kifungo kwa kukigusa ukingo, akatia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, mara ya tatu ukaingia. "Lete koti," akasema. Nililivua nikampa. Alitafuta mahali pa kifungo kwa kidole gumba, akavigusa vile vingine vitano kimoja kimoja, akijua ni mkono wa nani ulivishona, kisha akaanza kushona.

Halafu mguu wake ukasukuma kitu chini ya kaunta, kikatoka upande wangu.

"Kaa," akasema. "Chai iko."

Nilikuwa nimengoja neno hilo miaka miwili, na kabla ya hapo, nadhani, maisha yangu yote. Nikakaa. Kigoda kilikuwa kile kile, mguu wake mmoja bado mfupi, na mwili wangu ukaegemea kushoto wenyewe.